Basi lililoacha njia, kwa Kiingereza

Nafasiri nyaraka za bima na za mahakama, na sentensi ninayokutana nayo kuliko zote mnaijua, kwa kuwa magazeti yetu hayaishi kuiandika: “Basi liliacha njia na kupinduka.” Mfasiri chipukizi hukimbilia “turn”, kitenzi tulichofundishwa tangu shule ya msingi, akaandika “the bus turned off the road and overturned”. Sarufi haina kasoro. Tatizo ni kwamba “turn off” ni kuchepuka kwa hiari: umefika njia panda, umewasha indiketa, umeshika barabara nyingine. Kwa msomaji wa Kiingereza, dereva huyo alikuwa na shughuli zake huko porini.

Kitenzi kinachofaa hapo ni “veer”: “the bus veered off the road”. Kinasema chombo kilibadili mwelekeo, kisha kinanyamaza kuhusu sababu. Tairi lilipasuka, usukani ulikataa, dereva alisinzia, yote yanaenea humo, na ndiyo maana waandishi wa habari hukipenda wakati polisi bado wanachunguza. Angalieni pia kwamba mtenda katika sentensi za namna hiyo mara nyingi ni gari lenyewe.

“Swerve” ni jambo jingine. Ni kukata usukani ghafla, na kwa kawaida kuna kitu kinachokwepwa: “the driver swerved to avoid a cyclist”. Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu. Kamusi nyingi za visawe huviweka vitenzi hivi viwili bega kwa bega kama mapacha, na mtu akichoka kurudia kimoja huchukua cha pili ili kupamba maandishi. Katika hadithi, sawa. Katika maelezo ya shahidi, hapana. Shahidi akisema “gari liliyumba likaingia upande wa pili”, ninaandika “veered into the oncoming lane”. Nikiandika “swerved”, nimeuingiza mkono wa dereva pale ambapo shahidi hakuuona, na pengine nimemzawadia utetezi kwamba alikuwa anaokoa maisha ya mtu. Lakini shahidi akisema “dereva alikata usukani ghafla”, basi “swerved” ni halali hata kama hakutaja kilichokwepwa.

“Veer” kilitoka Kifaransa, kwenye “virer”, na Waingereza walikizoea zaidi majini kabla ya barabarani. Kwa mabaharia na watabiri wa hali ya hewa bado kina maana finyu inayowashangaza wengi: upepo “ume-veer” pale tu unapobadili mwelekeo kwa kufuata mshale wa saa. Ukienda kinyume, neno ni “back”. Kwa pwani yetu, kaskazi ikiisha na upepo ukitoka kaskazini-mashariki, ukapitia mashariki hadi kusini-mashariki, taarifa ya Kiingereza itasema “veered”. Ukirudi kwa njia hiyohiyo kusi inapokwisha, itasema “backed”. Na mkikuta nahodha “anaveer” amari ya nanga, msitafute kona yoyote. Anailegeza. Hicho ni kitenzi kingine kilichotoka Kiholanzi, kikafanana sura tu na chenzake.

Kwenye bima za meli, kitenzi chenye uzito ni “deviate”, na hakina kisawe. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya 1906, kifungu cha 46, inasema meli ikitoka nje ya safari iliyokatiwa bima bila sababu halali, kampuni ya bima haiwajibiki tena tangu hapo, hata kama meli ilikuwa imeisharudi kwenye njia yake kabla ya hasara kutokea. Kifungu cha 49 kinataja sababu zinazosameheka, ikiwemo kuokoa uhai wa binadamu. Fikirieni mfasiri aliyeona “deviated” imejirudia mara tatu kwenye ukurasa, akaibadilisha moja kuwa “veered”. Wakili wa upande wa pili atauliza kama kuna jambo la pili lililotokea, na ana haki ya kuuliza.

Ndege iliyoshindwa kutua Zanzibar ikapelekwa Dar es Salaam imefanyiwa “divert”. Hapo kuna uamuzi na kuna mahali pa kufikia, mambo mawili ambayo “veer” haiyabebi. Kwa barabara iliyofungwa, Mwingereza huweka kibao cha “diversion”, Mmarekani huiita “detour”. Kwetu ni njia ya mchepuko, basi.

Wachambuzi wa siasa nao hupenda kuandika kwamba chama “kime-veer” kulia au kushoto. Kisomeni kwa tahadhari. Anayetaka kueleza mabadiliko bila kutoa hukumu ataandika “shifted” au “moved”. Aliyechagua “veered” ameshawaambia kwamba, kwa maoni yake, chama kimetoka kwenye mstari, na kwamba mstari wenyewe anaujua yeye.