Kitabu cha bei ya bure kimelipiwa na nani?

Familia za hapa Dodoma zinapogawana vitu vya mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali, mara nyingi hubaki boksi la vitabu lisilo na mwenyewe. Ndani mna vijitabu vya Beijing vyenye jalada jekundu la plastiki, vitabu vya Moscow, pengine majarida ya Marekani yenye picha za rangi. Likifika maktaba, swali huwa lilelile: hizi si propaganda tu, tuzichome?

Hapana. Kwanza fungua ukurasa wa hakimiliki, usome nani kachapa, wapi, mwaka gani. Shirika la Uchapishaji la Lugha za Kigeni la Beijing lilianzishwa 1952 mahsusi kwa wasomaji wa nje. Shirika la uchapishaji la Progress la Moscow lilipata jina hilo 1963. Yote mawili yalikuwa ya dola na yalichapa hata kwa Kiswahili, huku ruzuku ikishusha bei. Redio nazo zilituwania: BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1957, Moscow 1960, Beijing 1961, Sauti ya Amerika 1962. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na kila mkubwa alitaka kusikika kwetu.

Wengi hudhani propaganda ni uongo mtupu. Ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Chukua jarida la Kisovyeti la USSR in Construction, lililotoka pia kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mwaka 1933 lilitoa toleo zima kuhusu mfereji wa Bahari Nyeupe hadi Baltiki, kwa picha za Aleksandr Rodchenko. Wafungwa waliouchimba hawakufichwa. Walionyeshwa wazi, wakielezwa kuwa wanarekebishwa tabia kwa kazi. Rodchenko alipiga hata picha ya bendi ikitumbuiza huku wenzao wakichimba chini. Bendi ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni vifo, ambavyo kumbukumbu za serikali yenyewe zinaviweka zaidi ya 12,000. Kwa hiyo mbele ya picha nzuri, jiulize nini kimeachwa nje ya fremu.

Binafsi, naona anayeficha mkono wake ni wa hatari kuliko anayeandika "Moscow" ukurasa wa pili. Jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala 1961 na Rajat Neogy, lilikuwa jukwaa la kweli la waandishi wa Afrika. Baadaye ikafichuka kwamba shirika lililolisaidia, Congress for Cultural Freedom, lilikuwa likipokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Makala zake hazikugeuka kuwa mbovu kwa sababu hiyo, ila msomaji alinyimwa haki ya kujua.

Tusijifanye watakatifu, nasi tunajitangaza. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa New York 2022 Rais Samia akiwa mwongoza watalii, ililenga wageni. Tofauti ni kwamba Rais yumo mwenyewe kwenye picha; hakuna wa kuuliza nani yuko nyuma yake.

Kama boksi la namna hiyo liko kwenu, lisiishie kufungia karanga. Matoleo ya Kiswahili ndiyo adimu zaidi. Msibandue mihuri wala kufuta majina yaliyoandikwa kwa kalamu, kwani humo ndimo tunamojua kitabu kiligawiwa na ubalozi, kilinunuliwa dukani au kilitolewa kwenye semina ya chama. Kileteni maktaba ya karibu kikiwa na vumbi lake.