Atlas Hakubeba Dunia

Likitajwa jina la Atlas, wengi hufikiria jitu lililoinama likiwa limeitwika dunia mabegani. Dhana hiyo haimo katika masimulizi ya kale ya Wagiriki. Mshairi Hesiodo anaeleza kwamba Zeus alimpangia Atlas, ambaye ni mmoja wa Watitani, yaani jamii ya miungu iliyotangulia ile ya Zeus, kusimama kwenye ukingo wa dunia na kuishikilia mbingu kwa kichwa na mikono yake. Kama angekuwa ameibeba dunia, miguu yake ingekanyaga wapi?

Nadhani kosa hili limeletwa na macho kuliko vitabu. Sanamu ya marumaru ya enzi ya Warumi iitwayo Atlas wa Farnese, iliyohifadhiwa katika makumbusho mjini Napoli, inamwonyesha akiwa na tufe mgongoni, na mtazamaji wa leo, aliyezoea kuona tufe la dunia darasani, hudhani kuwa hilo ndilo. Akilisogelea atakuta limechongwa makundinyota, wala si mabara. Sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1937 katika Rockefeller Center, New York, nayo imebeba pete zinazowakilisha mbingu, ingawa wengi wanaopiga picha mbele yake hawalitambui hilo.

Kuhusu kitabu cha ramani, huaminiwa kwamba kiliitwa atlasi kutokana na Mtitani huyo. Mchoraji ramani Gerard Mercator, ambaye kazi yake yenye jina hilo ilitolewa mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza kwamba aliyemkusudia ni Mfalme Atlas wa Mauretania, aliyesifiwa kwa falsafa na elimu ya nyota. (Mauretania hiyo ilikuwa katika maeneo ya Moroko na Algeria ya leo, si nchi ya Moritania tunayoijua.) Wala Mercator hakuwa wa kwanza kukusanya ramani kitabuni, kwani Abraham Ortelius alichapisha mkusanyo wake Antwerp mwaka 1570.

Bahari ya Atlantiki nayo haikupewa jina na kisiwa cha Atlantis kilichozama katika kisa cha mwanafalsafa Plato. Mwanahistoria Herodoto alikwisha kuitaja kwa jina la Atlas kabla kisa hicho hakijaandikwa.

Matumizi yanayoikaribia zaidi hadithi yenyewe ni ya wanaanatomia, yaani wataalamu wa muundo wa mwili, wanaoiita atlasi pingili ya kwanza ya shingo, ile inayobeba fuvu. Hata hapa hudhaniwa kwamba ndipo kichwa kinapogeukia kulia na kushoto juu yake, ilhali kati ya fuvu na atlasi hufanyika hasa kule kuinama na kuinuka kwa anayeitikia, na kugeuka hutokea zaidi kati yake na pingili ya pili.