Marsabit na Jangwa la Chalbi: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Wakenya wengi wanapopanga likizo hutaja Mombasa, Naivasha au Maasai Mara, huku Marsabit, kaunti iliyo kaskazini mwa Kenya, ikiachwa kwa sababu wamekwisha kuihukumu kuwa ni nchi ya mchanga, joto na hatari. Dhana hizo zinawanyima mandhari ya kipekee. Baya zaidi ni kwamba wale wanaokwenda wakiwa nazo vichwani hujiandaa kwa shida isiyokuwepo na kuisahau iliyopo.

Wengi hudhani kwamba jangwa ni mchanga mtupu. Mchanga upo, hasa pande za North Horr, lakini sehemu kubwa ya Chalbi ni udongo uliokauka na kupasuka, ukiwa umefunikwa na tabaka jeupe la chumvi, kwa kuwa maelfu ya miaka iliyopita palikuwa na ziwa. Dida Galgalu, upande wa kaskazini wa mji wa Marsabit, nayo ni uwanda wa mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa hadi macho yanapokoma.

Dhana ya pili ni kwamba huko kote ni joto, usiku na mchana. Mlima Marsabit una urefu wa takribani mita 1,700, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinapoupanda hupoa na kuwa ukungu. Asubuhi ukungu huo huufunika mji, watu wakatembea wamejitanda mashuka na makoti mazito. Msituni, miti imeota kuvumwani, yaani utando unaoshika kwenye gome, na nyuzinyuzi za kijani zinazoning'inia matawini, na maji hudondoka kutoka humo hata siku ambayo mvua haikunyesha. Katika msitu huu ndimo alimoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyewekewa walinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, naye akafa mwaka 1974. Mlima Kulal, wenye zaidi ya mita 2,200, una msitu wa namna hiyohiyo, ilhali chini yake nchi ni kavu kabisa. Kwa hiyo mgeni asiyebeba sweta atateseka.

Kiu ni hatari ya kweli, na maji ya kunywa yabebwe ya kutosha na ya akiba. Hata hivyo, wageni wengi hawajui kwamba jangwani pia maji hufurika. Laga, yaani mkondo ambao hubaki mkavu kwa miezi, huonekana mahali pazuri pa kupiga hema: pana mchanga laini, kivuli cha migunga na hakuna mawe. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali na upeo wa macho yako, kisha maji yakateremka kwa nguvu ya kubeba gari huku mbingu juu yako ikiwa nyeupe. Usilale ndani ya laga, wala usiivuke inapotiririka; subiri ipungue. Chalbi nayo, baada ya mvua kubwa, hugeuka tope lililojificha chini ya gamba kavu, na gari hupita salama mita kadhaa kabla ya kuzama hadi ekseli. Dereva wa huko anajua njia ipi imekauka wiki hiyo, na ujuzi huo haupatikani kwenye ramani ya simu.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba nchi hii haina wenyewe. Wagabra, Warendille, Waborana na Wasamburu wanajua kila kisima ni cha nani na mifugo ya nani inakunywa lini. Kwenye visima virefu vya Waborana, wanaume husimama ukutani mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono iende pamoja, na wa juu kabisa humimina maji katika hori la udongo ambako ng'ombe wanasubiri zamu yao. Hiyo ni kazi, si maonyesho. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, lipa ukiambiwa ulipe, na usioge wala kufua kisimani.

Kuhusu umbali, lami sasa imefika Marsabit na kuendelea hadi Moyale, ingawa nje ya barabara hiyo kuu gari madhubuti na gurudumu la ziada ni lazima. Usalama hubadilika kati ya eneo na eneo, kwa sababu wizi wa mifugo haujakoma. Ulizia kwa machifu na polisi kabla ya kila hatua, badala ya kuihofia kaunti nzima au kuiamini yote.

Mwisho ni Ziwa Turkana, ambalo rangi yake ya kijani huwafanya wengi walidhanie tulivu. Maji yake yana magadi na floridi nyingi, mamba ni wengi, na upepo wa Loiyangalani, mji mdogo ulio kando ya ziwa hilo, ni mkali kiasi kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo imejengwa jirani. Anayetaka kwenda Kisiwa cha Kusini amwachie mvuvi mwenyeji aamue saa ya kuondoka, na akiambiwa leo hapavukiki, asibishane.