Kabla Hujasema "Fundi, Nipigie Windows"

Kompyuta nzito? "Fundi, nipigie Windows," yaani iwekwe upya. Haiwaki? "Nipigie Windows." Diski inagonga ndani, tik, tik? "Wewe nipigie tu, itakaa sawa." Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu mwenye laptop ya mtumba, EliteBook, iliyobeba matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake. Hana nakala popote, na alishaambiwa kwamba dawa ni kufomati, yaani kuisafisha diski na kuanza upya. Ndugu zangu, imetosha. Tupime diski kwanza.

Nazungumzia diski inayozunguka, maana kompyuta nyingi za zamani za OptiPlex, ThinkPad na EliteBook bado zinaitumia. Sekta, yaani kipande kidogo cha kuhifadhia data, ikidhoofika, diski haikati tamaa upesi. Inajaribu kuisoma, inarudia, inarudia tena, na sekta moja inaweza kula sekunde kadhaa. Muda wote huo Windows imesimama inasubiri. Fungua Task Manager utaona diski iko asilimia 100 wakati hakuna kazi ya maana inayofanyika. Huo ndio uzito ambao watu wanasema "Windows imechoka".

Kinachonichosha zaidi ni kwamba ukipiga Windows upya kwenye diski hiyohiyo, mara nyingi kompyuta inachangamka kweli, na ndiyo maana imani hii haifi. Diski ikishindwa kuisoma sekta, haiwezi kuibadilisha papo hapo, kwa sababu haijui kilichokuwamo. Inaiandika kwenye orodha ya zinazosubiri. Siku sekta ile inapoandikwa upya ndipo uamuzi unafanyika: ikipokea maandishi inaendelea na kazi, ikikataa inapewa mbadala kutoka sekta za akiba. Kupiga Windows ni kuandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo baadhi ya sekta zinazosubiri zinasafishwa, na mafaili ya mfumo yanaangukia pengine penye afya. Mteja anaondoka akimsifu fundi. Baadaye uzito unarudi, na lawama inakwenda kwa virusi, au kwa Windows "isiyo orijino". Kumbe kichwa cha diski au sahani zake zimekuwa zikiharibika siku zote.

Na gharama ya kipindi hicho kifupi cha raha ni data. Fomati ya haraka haifuti mafaili, inafuta orodha tu, hivyo hapo bado kuna tumaini. Windows mpya ikishalala juu yake, kila kilichofunikwa hakirudi. Fomati kamili, kuanzia Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima. Kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hali ni mbaya zaidi: hata fomati ya haraka huiambia SSD kwamba nafasi zote ziko wazi kupitia amri ya TRIM, na SSD ikishazisafisha, hakuna programu ya kurejesha itakayokusaidia. Usimwamini anayesema "fomati tu, tutazirudisha baadaye".

Kupima kunachukua dakika chache. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma ripoti ya afya ambayo diski yenyewe huitunza, tazama mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta zilizohamishwa kwenda za akiba, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. C5 ndizo sekta zinazosubiri. Zikiwepo, acha kila kitu uokoe data kwanza. C7, makosa ya mawasiliano kwenye kebo, ikipanda, badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski. Kwenye diski za Seagate, namba kubwa za 01 na 07 zisikutishe, ndivyo zinavyohesabiwa.

Vipimo hivi navyo havisemi kila kitu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata dalili moja kati ya zile nne kubwa walizokuwa wakizifuatilia. Kwa hiyo "Good" ya buluu si cheti cha uzima. Upande wa pili, nimeona diski yenye sekta chache zilizohamishwa ikitumika miaka na namba isiongezeke. Ipi itaishi na ipi itakufa wiki ijayo? Hakuna fundi wa kukuhakikishia. Mimi siwekei mtu mfumo kwenye diski yenye C5, na ile yenye 05 tulivu naitumia kwa filamu, si kwa hesabu za duka.

Diski mbovu usiiwashe na kuizima kujaribu bahati. Itoe, inakiliwe yote kwenye diski nyingine kwa programu ya ddrescue, ambayo inasoma kwanza sehemu nyepesi na kurudia zile ngumu mwishoni. Ikiwa inagonga, hata hilo usifanye. Ipeleke kwa wanaofungua diski.

Kupiga Windows kuna wakati wake: virusi vimeota mizizi, sasisho limevunjika, au unahamia SSD. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) wala prosesa inayotakiwa na Windows 11, kwa hiyo wengi mtakuja kubadilisha mfumo, wengine mkiingia Linux. Na usakinishaji ukigoma kwa kuwa diski ni ya MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni, usikimbilie kufuta patisheni zote. Weka Legacy, hali ya kuwaka ya zamani, kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) kama inaruhusu, au kama Windows 10 ingali ndani, tumia zana ya MBR2GPT, iliyomo tangu 2017: inabadilisha mpangilio wa diski kuwa GPT, ule mpya, bila kugusa mafaili. Nakala iwe imeshachukuliwa, na C5 iwe sifuri.