Sahara Magharibi: Kura Iliyokwama Kwenye Daftari la Wapigakura

Mapigano kati ya Morocco na Polisario, wapigania uhuru wa Sahara Magharibi, yaliposimama Septemba 1991, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MINURSO, ulitakiwa kuandaa kura ya maoni mwaka uliofuata. Wenyeji wa koloni hilo la zamani la Hispania wangechagua uhuru au kuungana na Morocco. Hadi leo kura haijapigwa, kwa kuwa pande mbili hazikukubaliana nani aipige.

Polisario walishikilia sensa ya Wahispania ya 1974, iliyohesabu Wasahrawi, yaani wenyeji wa eneo hilo, 74,000 hivi. Morocco ilitaka waongezwe watu wa makabila ambayo matawi yake yanaishi ndani ya Morocco kwenyewe. Wafugaji wanaohamahama hawana hati wala kijiji cha kudumu, kwa hiyo waandikishaji walitegemea ushahidi wa mdomo wa masheikh wa kila upande. Masheikh wakivutana, kazi inasimama. Orodha ya muda ya mwaka 2000 ilikuwa na majina kama 86,000. Rufaa zilizofuata zilizidi 130,000! Kuzisikiliza kungekula miaka, na zoezi likafa. Mwaka 2007 Morocco ilipendekeza eneo lijitawale chini ya mfalme wake, na Oktoba 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio 2797, likalitaja pendekezo hilo kuwa msingi wa mazungumzo.

Eneo lenyewe limegawanywa na ukuta wa mchanga na mawe wenye urefu wa kilomita 2,700 hivi, uliotegewa mabomu ya ardhini. Morocco inashika sehemu kubwa ya magharibi, yenye fosfeti ya Bou Craa na samaki wa Atlantiki. Wakimbizi wa Kisahrawi wako Tindouf, ndani ya Algeria, tangu miaka ya 1970.

Afrika nayo imegawanyika. Morocco ilijitoa OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, mwaka 1984 kwa sababu ya kupokelewa kwa Jamhuri ya Wasahrawi, taifa lililotangazwa na Polisario, ikarudi Umoja wa Afrika 2017. Sasa wote wawili ni wanachama.

Novemba 2020 jeshi la Morocco liliingia Guerguerat, kwenye njia ya malori ya kwenda Mauritania, na Polisario wakatangaza kurudi vitani. Sisi tunahofia zaidi mgongano kati ya Algeria, inayowaunga mkono Polisario, na Morocco. Mpaka wao wa nchi kavu umefungwa tangu 1994. Agosti 2021 Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi, na miezi miwili baadaye ikaacha kupitisha gesi inayokwenda Hispania katika bomba linalokatiza Morocco. Siku chache tu baada ya hapo, Algeria ikasema madereva wake watatu wa malori wameuawa kwa shambulio la Morocco. Tukio kama hilo likijirudia, hakuna balozi upande wowote wa kuitwa atoe maelezo.