Roboti haiingii chini ya meza

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa ikishamiminwa, kila mtu huwa bingwa wa teknolojia. Juzi binti wa jirani alisema anataka kusomea elimu maalumu, ya watoto wenye ulemavu, afundishe madarasa ya awali. Mjomba wake akamkatiza: "Mwanangu, kazi hiyo kompyuta itaichukua kabla hujamaliza chuo." Binti akanigeukia mimi, mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu. Nilikuwa na kashata mdomoni, sikujibu la maana. Najibu hapa.

Dhana: Mashine itafundisha, mwalimu atakaa nyumbani

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walizipima kazi 702 za Marekani kuona ni zipi mashine inaweza kuzifanya. Walipata kwamba asilimia 47 ya ajira za kule zimo katika hatari kubwa, na hiyo ndiyo namba inayozungushwa mitandaoni. Isiyozungushwa ni hii: wauzaji wa kwa simu walipewa uwezekano wa asilimia 99 wa kazi yao kuchukuliwa na mashine, walimu wa elimu maalumu wa sekondari chini ya 2. Kazi ya kusoma hisia za mtu na kubuni njia papo kwa papo huishinda mashine.

Njoo darasani uone. Mtoto wa miaka mitano, haongei. Pikipiki zikipiga kelele nje, anajificha chini ya meza. Ukimvuta, siku imeharibika. Nakaa sakafuni, simtazami, nimeshika kadi yenye picha ya maji. Baada ya muda mkono unatokea, unaichukua kadi. Ameomba maji bila kulia. Programu ya kutambua sauti inahangaika na Kiswahili cha watoto wadogo, sembuse cha mtoto ambaye mama yake tu ndiye anamwelewa! Hata zile roboti za kuchezesha watoto wenye usonji (autism), katika majaribio mengi pembeni yupo mtu anayeziendesha.

Dhana: Basi teknolojia haituhusu

Inatuhusu. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona, ipo tangu 1951, na bado lazima mtu amfundishe mtoto kuitumia. Akili mnemba nayo naikaribisha kwenye andalio la somo. Majina na taarifa za watoto siipi.

Dhana: Ni kulea tu, chuo cha nini?

Anayesema hivyo aende Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, akaone walimu wanavyosomea fani hii.

Dhana: Kazi isiyochukuliwa na mashine ina uhakika

Hapa mjomba angenibana, na ningekubali. Ajira ya serikali haitoki kwa sababu watoto wapo, inatoka kibali cha kuajiri kikitoka. Wahitimu wa ualimu wanaosubiri miaka tunao mitaani humu humu. Kinachoweza kumweka binti yule benchi ni bajeti, roboti haimo.

Kwa hiyo ajifunze lugha ya alama mpaka vidole visiwe na kigugumizi. Asiangalie serikalini peke yake: hapa mkoani, Irente kule Lushoto, Kanisa la Kilutheri (KKKT) lina shule ya wasioona na nyingine ya watoto wenye ulemavu wa akili. Na kabla hajajaza fomu, aje kwangu wiki moja. Avae nguo ambayo hataionea uchungu ikichafuka.