Je, wajua kwa nini injini ya Stirling hupozwa ili ile mafuta kidogo?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukitaka injini hii ibane mafuta, dawa ni kupunguza maji ya kupozea. Joto linaloishia kwenye rejeta si mafuta yanayomwagwa? Ndivyo linavyoonekana, na sivyo lilivyo.

Injini ya Stirling huchomwa kwa nje. Gesi iliyofungiwa ndani hupelekwa upande wa moto, ikatanuka na kusukuma pistoni; kisha hupelekwa upande wa baridi ili ibanwe upya. Kubana gesi iliyopoa ni kazi nyepesi kuliko kubana ya moto, na tofauti hiyo ndiyo faida yote. Moto ukiwa nyuzi 727 za Selsiasi na baridi 77, kikomo cha ufanisi, yaani sehemu kubwa kabisa ya joto inayoweza kugeuzwa kazi, ni asilimia 65. Acha baridi ipande hadi 177, kikomo kinashuka hadi 55. Ubahili wangu ungekula mafuta zaidi.

Uokoaji wenyewe uko njiani kati ya moto na baridi, kwenye rejenereta, kifaa alichokiandikia hataza Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, mwaka 1816. Jifunike pua na mdomo kwa skafu asubuhi ya baridi. Pumzi ikitoka huacha joto kwenye nyuzi. Hewa ikiingia hulichukua. Gesi nayo hupita kwenye tabaka za nyavu za waya mwembamba: ikienda kwenye baridi huweka joto, ikirudi hulikuta. Kipande kizima cha shaba hakifai, kwani kingevujisha joto moja kwa moja hadi upande wa baridi.

Tuseme joto linalopita hapo ni mara nne ya lile linalotoka kwenye moto. Nyavu zikikosa asilimia 5 tu, moto unadaiwa nyongeza ya asilimia 20! Lakini ukizisuka kwa kubana mno, gesi inapita kwa shida na pistoni ndiyo inayolipa.

Kwenye magari, mradi wa NASA wa miaka ya 1980 ulifikisha ufanisi wa juu wa takriban asilimia 38, kiwango kizuri kwa wakati ule, ingawa ni kilele cha injini na si wastani wa safari. Tatizo likabaki rejeta: joto ambalo injini ya petroli hulitupa kwa ekzosi, hapa sehemu kubwa lazima ipozwe kwa maji. Nyambizi za Sweden za aina ya Gotland, zinazotumia injini za Stirling, hazina shida hiyo. Rejeta yao ni bahari.